Kinga ya chuma kwa pesa kidogo: angalia kadri, kisha anza na freni

Mwezi wa tisa 2025, mashindano ya dunia ya mbio za kinga (baiskeli) barabarani yalifanyika Kigali, ng'ambo ya mpaka. Ilikuwa mara ya kwanza bara la Afrika kuyapokea. Katika mbio kubwa ya wanaume, ya kilometa 267 na nusu, Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye alishinda. Kwa upande wa wanawake, ushindi ulienda kwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Kinga za wakimbiaji wa ngazi hiyo zimetengenezwa kwa kaboni, na moja peke yake inaweza kupita dola elfu kumi za Marekani.

Mashariki mwa Kongo, hesabu ni nyingine kabisa. Tangu mwanzo wa mwaka huo wa 2025, mabanki ya Goma na Bukavu yalifunga milango na pesa mkononi ikawa ngumu kuonekana. Kijana anayetaka kujaribu mbio, ao mwalimu anayetaka kupunguza pesa anayolipa motari kila asubuhi, hawezi kununua mara mbili. Akikosea, pesa imeenda.

Lakini mlango upo, na ni wa zamani: kinga ya barabara ya chuma. Mbelgiji Eddy Merckx alishinda Tour de France mara tano, kati ya 1969 na 1974, akiwa juu ya kinga za chuma. Kinga za kizazi kile na za miaka iliyofuata bado zinapatikana katika mali ya mtumba inayofika Afrika kwa makontena. Nyingine ni nzuri kuliko kinga mpya za bei ya chini, nyingine ni chuma cha kutupa kilichopakwa rangi mpya. Yafuatayo ni namna ya kuzitenganisha, na namna ya kuiboresha ile iliyochaguliwa, kidogo kidogo, bila kumaliza akiba ya nyumba.

Kwanza, kinga ya kazi gani?

Kuna kinga za chuma za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kinga nzito ya kubebea mizigo, kama zile za Phoenix kutoka China ao Hero kutoka India. Gidoni yake ni pana, magurudumu makubwa, na freni zake nyingi huvutwa kwa fimbo za chuma, si kwa kamba. Ndiyo inayofaa kubeba magunia ya makala kuingia Lubumbashi, na ndiyo jamaa ya kinga za watoleka wa Kisangani wanaobeba abiria. Ni ngumu, ni ya kuaminika, lakini inaweza kupita kilo 20 na haikuundwa kwa mwendo.

Ya pili ni kinga ya barabara: gidoni imepinda kwenda chini, mapine ni membamba, mwili wa mpandaji unainama mbele. Kwa kawaida ile ya chuma ina uzito wa kilo 10 mpaka 14. Kwa mwenye kwenda kazini kilometa 15 kila siku, ao kijana wa kilabu cha mbio, hii ndiyo ya kutafuta. Kwa mwenye kubeba mifuko miwili ya simenti, hapana. Hakuna kipande kitakachogeuza moja kuwa nyingine, na pesa nyingi hupotea hapo: mtu ananunua kinga nzito kisha anajaribu kuifanya nyepesi, ao ananunua ya mbio kisha anaipakia mzigo mpaka nyuzi za gurudumu zinakatika.

Barabara nayo ina neno lake. Kati ya Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa kuna lami, na pine jembamba linaweza kupita. Kwenye njia nyingi za Kivu, Ituri na Maniema, lami inaisha mara tu mtu anapotoka mjini, na mara nyingine kabla ya kutoka. Kwa hiyo, kadri ya kununua huko ni ile yenye nafasi ya kupokea pine nene kidogo. Dawa ni rahisi: weka kidole cha shahada kati ya pine na furshi, ile uma inayoshika gurudumu la mbele. Fanya vile vile nyuma, karibu na pedali. Kama hata ncha ya kidole haiingii, kinga hiyo itabaki mfungwa wa lami.

Kadri ndiyo kinga yenyewe

Freni hubadilishwa, sheni hubadilishwa, magurudumu hubadilishwa. Kadri, ile mifupa ya mabomba inayoshika vyote, ndiyo inayobaki. Ndiyo sababu fundi mwenye akili haangalii rangi wala wingi wa meno. Anaanza na kadri.

Kwa nini chuma? Ni kweli kwamba ni kizito: kwa ukubwa ule ule, chuma kina uzito wa karibu mara tatu wa aluminiamu. Lakini chuma kina nguvu zaidi, kwa hiyo bomba lake linaweza kuwa jembamba. Chuma kikizidiwa, mara nyingi hupinda ao huonyesha ufa kabla ya kukatika, na hivyo humpa mpandaji onyo. Tena, chuma kinaweza kuchomelewa na fundi wa mtaani mwenye mkono mzuri. Kadri ya aluminiamu inahitaji mashine na ujuzi ambao ni vigumu kuupata, na ya kaboni ikipasuka Shabunda, safari imekwisha.

Vyuma navyo havilingani. Kwenye kadri nyingi kuna karatasi ndogo iliyobandikwa karibu na kiti. Ikisema "Hi-Ten", ni chuma cha kawaida: mabomba ni manene, kadri ni nzito, lakini inavumilia. Ikisema "Cr-Mo" ao "4130", ni chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni: kina nguvu zaidi, kwa hiyo mabomba ni membamba na kadri inapungua uzito. Majina kama Reynolds kutoka Uingereza, Columbus kutoka Italia na Vitus kutoka Ufaransa ni ya watengenezaji wa mabomba bora. Reynolds 531, iliyotoka 1935, ilipandwa na wakimbiaji wakubwa kwa miaka mingi.

Karatasi inaweza kubandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo kuna kipimo kingine. Chomoa bomba la kiti na upime unene wake. Milimita 27.2 kwa kawaida ni dalili ya kadri ya mabomba membamba na mazuri. Milimita 25 ao 26 mara nyingi ni dalili ya mabomba manene. Hii si sheria ya kukata kichwa, kwani kadri za Kifaransa zilikuwa na vipimo vyao, lakini inasaidia pale muuzaji anaposifia mali yake kupita kiasi.

Ipime kwa mwili wako

Kadri nzuri isiyolingana na mwili ni hasara. Simama katikati ya kinga, miguu yote chini, viatu vya kila siku miguuni. Kati ya bomba la juu na mwili pabaki nafasi ya sentimeta 2 ao 3. Kama bomba linagusa, kadri ni kubwa.

Kuna pia hesabu ambayo watu wa mbio wameitumia kwa miaka. Pima urefu wa mguu kwa ndani, kutoka sakafu hadi kwenye kinena, bila viatu. Zidisha kwa 0.65. Jibu ndilo urefu wa bomba la kiti, kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi pale linapokutana na bomba la juu. Mwenye mguu wa sentimeta 80 atatafuta kadri ya 52. Ikizidi ao ikipungua sentimeta moja, hakuna shida.

Kiti kinapandishwa hivi: kaa juu ya kinga, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukiweka sehemu ya mbele ya mguu, goti litapinda kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini bomba la kiti lisipandishwe kupita alama iliyochorwa juu yake, na shingo ya gidoni vile vile. Alama hiyo ikionekana nje, chuma kilichobaki ndani hakitoshi, na kinaweza kutoka ao kukatika mtu akiwa kwenye mteremko.

Dakika kumi kabla ya kulipa

Kinga ya mtumba ina historia ambayo muuzaji hasemi, na mara nyingi hata yeye haijui. Kadri huisema yenyewe.

Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na pale linapokutana na kichwa cha kinga. Ukisikia mikunjo midogo kama ya ngozi ya mzee, ao ukiona rangi imepasuka kwa kuzunguka bomba, kinga hiyo iligonga kitu kwa mbele. Angalia furshi kwa upande: inapaswa kujikunja kidogo kwenda mbele. Kama imesukumwa nyuma na gurudumu linakaribia bomba, ni ajali ile ile inaongea. Usinunue.

Kisha chukua uzi. Funga ncha moja pale gurudumu la nyuma linaposhikiliwa, uzungushe uzi mbele ya kichwa cha kinga, urudi nao hadi upande wa pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja ao mbili si kitu. Ikipita sana hapo, kadri imepinda na kinga itavuta upande mmoja.

Kutu ya juu haiogopeshi, husuguliwa. Kutu ya ndani ndiyo mbaya. Chomoa bomba la kiti, angalia ndani kwa mwanga wa simu, na ugonge polepole kwa ufunguo sehemu ya chini kabisa, pale mhimili wa pedali unapopita, maana maji ya mvua hukusanyika hapo. Ikitoka vumbi nyekundu nyingi, acha. Na kama bomba la kiti ao shingo ya gidoni haisogei kabisa hata fundi akijaribu, bei ishuke sana ao mtafute nyingine.

Mwisho, angalia namna ya mapine. Kinga nyingi za mbio kutoka Ulaya zilikuwa na boyo, yaani pine lililoshonwa na kubandikwa kwenye janti kwa gundi, mpira wa ndani ukiwa umefungiwa humo. Likitoboka, mtu wa kubandika mipira kando ya barabara hawezi kulifungua na kulirudisha kirahisi. Kinga yenye boyo si mbaya, lakini hesabu magurudumu mapya ndani ya bei yake.

Namba inayookoa safari ya soko

Hakuna kitu kinachopoteza pesa kama pine lisiloingia. Watu husema "28" ao "27" wakidhani wamesema yote. Sivyo. Kwenye ubavu wa pine kuna namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni unene wa pine kwa milimita. Ya pili ni upana wa duara la janti pale pine linapokaa, na hiyo ndiyo ya kuandika kwenye simu.

Janti za kinga nyingi za barabara za leo ni 622, zinazoitwa pia 700C. Kinga nyingi za zamani zilizouzwa Uingereza na Marekani ni 630, zile za "27". Kinga nzito zenye freni za fimbo mara nyingi ni 635, za "28 x 1½". Kwa macho zinafanana, lakini pine la 622 haliingii kwenye janti ya 630, na la 635 litachomoka kwenye 622. Kabla ya kununua kinga, uliza soko la mji wako lina mapine ya namba gani. Kinga ya bei rahisi ambayo pine lake linatoka Kampala kwa oda ni kinga ya bei ghali.

Pesa ya kwanza iende kwenye freni

Baada ya kununua, jaribu la kwanza ni kuongeza meno, kubadilisha kiti, kupaka rangi. Yote hayo yangoje.

Bukavu imejengwa juu ya vilima. Kutoka huko kwenda Uvira, barabara ya taifa namba 5 inapita milima ya Ngomo kabla ya kufika bonde la Ruzizi. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari, ziwa Tanganyika kwenye mita 773. Tofauti yote hiyo, mwenye kinga anaishuka kwa vipande viwili vidogo vya mpira. Na hesabu ya mwendo haina huruma: mtu akienda kilometa 40 kwa saa badala ya 20, freni inahitaji umbali wa mara nne ili imsimamishe.

Kazi ya kwanza ni ya bei ndogo: mipira mipya ya freni na kamba mpya, pamoja na mirija yake. Mpira wa zamani hukauka na kuwa mgumu kama jiwe hata kama bado ni mnene. Kamba yenye kutu hukwama, ao hukatika siku inapovutwa kwa nguvu. Mipira iguse janti peke yake. Ikigusa pine italikata, na ikiwa chini sana itaingia kati ya nyuzi.

Kazi ya pili inagharimu zaidi, lakini ndiyo inayobadilisha kinga kuliko yote: kutoka janti za chuma kwenda janti za aluminiamu. Janti ya chuma yenye kung'aa, ikilowa, inateleza. Mtu anavuta freni na kinga inaendelea kama vile hakuna kitu kilichotokea. Kwa Kivu ya Kusini, ambapo mvua huanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka wa tano, hiyo ni sehemu kubwa ya mwaka. Janti ya aluminiamu inashikwa vizuri zaidi na mpira, hata kwenye maji. Tena ni nyepesi. Sumaku itakuonyesha unayo ipi, kwani haishiki aluminiamu.

Hapa kuna nafasi ya kufanya mambo mawili mara moja. Mwenye kinga ya 630 anaweza kuhamia 622, ambayo mapine yake yanapatikana zaidi. Gurudumu jipya litakuwa dogo kwa milimita 4 kila upande, kwa hiyo mipira ya freni lazima ishuke milimita 4. Kabla ya kununua, angalia kama tundu inamofungwa mipira lina nafasi hiyo. Kama lipo, mtu anapata pia nafasi zaidi ya pine nene. Hesabu matundu ya nyuzi kwenye kitovu cha gurudumu pia: mara nyingi ni 36, lakini kinga nyingi za zamani za Uingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma. Janti yenye matundu tofauti haitafungika.

Wengine huondoa freni ya mbele kwa kuogopa kurushwa. Ni kosa. Kinga inaposimama, uzito wote hukimbilia mbele, na freni ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa. Ivutwe taratibu pamoja na ya nyuma, mwili ukirudishwa nyuma ya kiti, na mtu ajizoeze kwanza mahali tambarare.

Mapine, goroli na sheni

Freni zikisha kuwa tayari, mapine ndiyo yanafuata. Pine la milimita 23 lilikuwa fahari ya watu wa mbio, lakini kwenye mashimo linapiga janti na kutoboka. Milimita 28, 32 ao hata 35, kama kadri inakubali, hupita vizuri na huchosha mikono kidogo. Kwa mpandaji wa kilo 65, pine la 28 linahitaji bar 5 hivi, na la 35 linatosheka na pungufu. Usipite namba ya juu iliyoandikwa kwenye pine. Na janti za zamani ambazo ukingo wake wa ndani hauna ndoano hazivumilii upepo mwingi: pine linaweza kuruka nje.

Kisha goroli, wengine husema mabiye, zilizo ndani ya vitovu vya magurudumu na kwenye mhimili wa pedali. Kinga iliyovuka bahari kwenye kontena mara nyingi ina grisi iliyokauka. Kufungua, kusafisha na kuweka grisi mpya ni kazi ya nusu siku, na mtu atashangaa kinga imekuwa nyepesi bila kuondoa hata gramu moja. Zikiwa zimechakaa, goroli hununuliwa mpya: kwa kawaida za mbele ni inchi 3/16, na za nyuma na za mhimili ni inchi 1/4. Zibadilishwe zote, si moja moja.

Sheni inapimwa kwa rula. Vipande 24, kutoka msumari hadi msumari, vina urefu wa inchi 12 kamili kwenye sheni mpya. Kama vimepita kwa inchi 1/16, ni wakati wa kununua sheni. Kama vimepita kwa inchi 1/8, sheni imekwisha kula meno ya nyuma, na rulibre nayo itabadilishwa. Mwenye kubadilisha sheni mapema hubadilisha rulibre mara chache. Mwenye kungoja hununua vyote pamoja.

Kwa milima, meno machache yenye akili

Muuzaji atasema kinga ina "vitesi" 21 kana kwamba ni uzuri. Wingi haupandishi mlima. Kinachopandisha ni uwiano kati ya meno ya mbele na ya nyuma.

Chukua kinga ya mbio ya zamani yenye meno 42 mbele na 21 nyuma kwa mlima mkali. Kila mzunguko mmoja wa pedali, gurudumu linazunguka mara mbili, na kinga inasogea karibu mita 4.2. Hiyo iliundwa kwa vijana wenye mapafu ya mashindano. Ukiweka rulibre yenye jino kubwa la 28, mzunguko mmoja unasogeza mita 3.15. Mlima ni ule ule, lakini kila hatua imepunguzwa robo. Kwa bei ya rulibre moja, magoti yameokolewa. Uliza fundi tu kama derayeri ya nyuma inaweza kufikia jino hilo, kwani zile fupi za mbio nyingi huishia 26 ao 28.

Sheni za kinga zenye meno 6, 7 na 8 nyuma ni za aina moja na hupatikana kirahisi. Kuanzia 9 kwenda juu, sheni inakuwa nyembamba, bei inapanda na soko linapungua. Vivyo hivyo, vile vishikio vidogo vya kubadilisha meno vilivyo kwenye bomba la chini, vinavyovutwa bila kulia, vinaonekana vya kizee. Lakini vinafanya kazi na karibu rulibre yoyote, na vikiharibika hutengenezwa kwa bisibisi. Mifumo iliyounganishwa na freni, ambayo Shimano iliileta 1990, ni mizuri, lakini ikifa, inakufa yote.

Vipande vinavyohitaji fundi mwenye subira

Kazi mbili zisifanywe kwa nyundo.

Ya kwanza ni mhimili wa pedali. Kinga nyingi za zamani zina pedali zilizofungwa kwa klaveti, kipande cha chuma kinachopigwa kuingia. Kikilegea, pedali inacheza na mwishowe inaharibika. Kuhamia mhimili wa ncha za mraba ni hatua nzuri. Lakini nyuzi za kufungia hazifanani: za Kiingereza ni inchi 1.37, za Kifaransa milimita 35, za Kiitalia milimita 36. Kwa Kiingereza, kikombe cha upande wa kulia hufungwa kinyume, kuelekea kushoto. Kwa Kifaransa na Kiitalia mara nyingi si hivyo. Peugeot nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 ni za Kifaransa. Fundi akilazimisha, anaharibu kadri, yaani anaharibu kinga.

Ya pili ni upana wa nyuma. Kadri za zamani za meno 5 zina nafasi ya milimita 120, za 6 ao 7 zina 126, na vitovu vya 8 na kuendelea vinataka 130. Hapo chuma kinaonyesha faida yake: fundi anayejua anaweza kupanua kadri kutoka 126 kwenda 130, milimita 2 kila upande, kwa nguvu ya taratibu na uzi wa kupimia mkononi. Kadri ya aluminiamu haifanyiwi hivyo kamwe.

Hesabu ya mwisho

Mwenye kwenda sokoni na pesa yake agawe mafungu matatu. Mawili ni ya kununua, moja libaki mfukoni kwa ajili ya freni, mapine, grisi na sheni. Asiyeacha fungu hilo atapanda kinga isiyosimama, akingoja mwezi ujao ambao huenda usilete kitu.

Baada ya hapo, kila kipande kingojee zamu yake, na kila kipimo kiandikwe mahali pamoja: namba ya pine, unene wa bomba la kiti, nyuzi za mhimili, upana wa nyuma. Janti za aluminiamu zinaweza kuja baada ya miezi mitatu, rulibre ya milima baada ya sita, mhimili mwaka ujao. Kiti kizuri na rangi vitakuja mwisho kabisa. Kadri ya chuma iliyonyooka, iliyopakwa mafuta ndani na kuwekwa mbali na mvua, inaweza kungoja miaka mingi kuliko mwenyewe. Mteremko haungoji. Kwa hiyo, siku pesa inapotosha kitu kimoja tu, kitu hicho kiwe freni.